Amri na Utu

Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulimkataza kiongozi kuwa mwonevu. Novemba 1973 ikatolewa amri kwamba hadi mwisho wa mwaka 1976 wakulima wote wawe wamehamia katika vijiji. Shabaha ilikuwa njema: shule, zahanati na maji. Lakini mkulima wa Singida aliyetakiwa kuacha shamba alilolirutubisha miaka mingi kwa samadi ya ng'ombe wake alistahili kuelezwa na kusikilizwa. Mahali pengi nchini watu walihamishwa kwa nguvu, nyumba zikabomolewa.

Haki za binadamu ziliingizwa katika Katiba mwaka 1984. Hata hivyo, Katiba haijipeleki kijijini. Hupelekwa na mwalimu na mtumishi wa serikali. Hapana budi wakumbuke: amri isiyosikiliza watu ni uonevu, hata iwe na nia njema.