Nyota Yako ni Ipi Kati ya Sita?



Ni jambo la kusikitisha kuwaona Waislamu wanaosimamisha sala tano wakienda kwa waganga ‘kusafishiwa nyota’. Mwenye duka lililopooza, binti aliyechelewa kuolewa, kijana aliyekosa ajira: wote huhesabiwa herufi za majina yao na ya mama zao, huambiwa nyota zao zimefifia, kisha hutozwa fedha.

Kabla ya kutoa fedha hizo, tunawashauri ndugu zetu wa Usa River wafanye jambo moja. Usiku wa mwezi Februari, baada ya sala ya Isha, mawingu ya Mlima Meru yakiwa yametawanyika, waielekeze darubini ndogo, hata ya lenzi ya milimita 60, upande wa kaskazini kwenye Castor, nyota ya buruji ya Jauza. Kwa macho matupu ni nyota moja. Katika darubini inayokuza mara 100 ni mbili, zimekaribiana kama punje za mtama. Nao wataalamu wa falaki, kwa kuuchunguza mwanga wake, wamethibitisha kuwa kwa jumla ni nyota sita. Basi mganga anayedai kuwa nyota ya mtu wa Jauza imechafuka, amekusudia ipi kati ya hizo? Na ubani wake unaifikiaje, ilhali mwanga wenyewe husafiri takriban miaka 50 hadi kutufikia?

Mfano mkubwa zaidi ni Shi‘ra. Baadhi ya Waarabu wa zama za ujahiliya waliiabudu, na Qur’ani Tukufu, katika Surat An-Najm aya ya 49, ikabainisha kuwa nayo ina Mola wake. Mwaka 1844 Mjerumani Bessel alitambua, kutokana na kuyumba kwa mwendo wake, kuwa ina mwenzi asiyeonekana. Mwaka 1862 Mmarekani Alvan Graham Clark alimwona mwenzi huyo. Walioisujudia hawakujua hata idadi yake!

Hatusemi kuwa elimu ya nyota ni haramu. Falaki imewasaidia Waislamu kujua kibla na nyakati za sala. Kilichoharamishwa ni ramli, na Mtume (s.a.w.) ametuonya, kama ilivyopokewa na Imamu Muslim, kuwa amwendeaye mpiga ramli kumuuliza jambo hazikubaliwi sala zake za siku arubaini. Hasara hiyo ni kubwa kuliko ya fedha.

Kwa hiyo kamati za misikiti na walimu wa madrasa washirikiane kununua darubini moja, wawatoe vijana uani usiku wajionee. Kijana aliyeona kwa macho yake kuwa nyota ni kiumbe kinachozunguka kwa amri ya Mola wake, hatamwogopa mganga.