Simu na Kompyuta Zisimpe Mwananchi Fomu Mbili

Wateja wengi wa fomu za mtandaoni wanaoingia kwenye steshenari yangu hapa Msamvu, Morogoro, hawaji kuanza. Wanakuja kumalizia. Wamejaza nusu kwenye simu nyumbani, wakakwama kwenye kupakia cheti, ndipo wakatafuta kompyuta. Nikiwafungulia, swali ni lilelile: "Dada, mbona hii siyo ile ya jana?"

Wana haki ya kuuliza. Upo mfumo wa maombi ambao kwenye simu viambatanisho viko mwishoni, kwenye kompyuta viko mwanzoni. Tiki ya kijani kwenye simu maana yake taarifa zimehifadhiwa. Kwenye kompyuta maana yake maombi yamepokelewa. Binti mmoja aliyekuwa akiomba chuo aliiona tiki hiyo kwenye simu yake, akalala akijua amemaliza. Alipokuja kwangu kuchapisha nakala, tulikuta maombi yake bado ni rasimu, na dirisha limeshafungwa.

Hali kama hiyo ikitokea, lawama humwangukia mtumiaji: hana uelewa, hakusoma maelekezo. Nakataa. Binti yule alisoma vizuri. Aliyekosea ni aliyeipa alama moja maana mbili.

Dawa yake si kulazimisha skrini zote zifanane sura. Microsoft walijaribu njia hiyo mwaka 2012 walipotoa Windows 8. Vigae vikubwa vilivyofaa kuguswa kwa kidole vikajaza skrini za kompyuta za mezani, na kitufe cha Start, ambacho watu walikizoea tangu Windows 95, kikaondolewa. Malalamiko yakawa mengi. Mwaka 2013 kitufe kikarudishwa katika toleo la 8.1, na mwaka 2015 Windows 10 ikairudisha menyu yenyewe.

Vifaa hivi vinatofautiana kikweli. Kidole ni kinene kuliko kishale cha mausi, ndiyo maana mwongozo wa Apple unataka eneo la kugusa lisipungue pointi 44 kila upande. Maelezo yanayojitokeza mausi ikipita juu ya neno hayamfikii mwenye simu. Simu inahitaji safu moja ya kushuka nayo. Kompyuta ina nafasi ya kuiacha menyu yote wazi, badala ya kuificha nyuma ya vimistari vitatu. Kwa hiyo ukubwa na mpangilio wa vitu kwenye skrini vibadilike. Majina ya vitufe, mfuatano wa hatua, maana ya rangi na alama, na mahali kazi ya mtu ilipoishia, hivyo visibadilike hata kidogo.

Na hilo linawezekana. Tangu mwaka 2010 mbunifu wa tovuti Mmarekani, Ethan Marcotte, alieleza jinsi ukurasa mmoja unavyoweza kujipanga upya kufuata upana wa skrini. Mbinu hiyo leo ni ya kawaida kwa watengeneza tovuti. Na hata pale taasisi inapotaka programu ya simu pembeni ya tovuti, mafundi wa pande zote mbili wanaweza kupewa orodha moja ya maneno, alama na hatua kabla hawajaanza kazi.

Hasara ya kutofanya hivyo inalipwa na mwananchi: bando la kuanzia kwenye simu, nauli ya kuja mjini, kisha fedha anayoniachia mimi nimjazie upya. Fedha hiyo ni kipato changu, na bado nasema asingepaswa kuilipa.

Naziomba taasisi zinazoagiza mifumo hii ziweke sharti moja kwenye mkataba. Kabla ya kuupokea mfumo, mketisheni mwananchi wa kawaida, aanze fomu kwenye simu ya bei nafuu na kuimalizia kwenye kompyuta, bila mtu wa kumwelekeza. Akikwama kwa sababu huku ni tofauti na kule, mkandarasi akarekebishe kwanza, ndipo alipwe.