Ni nani anayepanda msitu?

Kila mwaka mvua zinapoanza, vikundi vingi vya parokia zetu hushika majembe na kwenda kupanda miti. Kazi hiyo ni njema. Lakini huku Kivu mti wenyewe mara nyingi ni mkaratusi, unaopandwa kwa mistari, nasi hurudi nyumbani tukiamini kwamba tumeirudishia nchi msitu wake. Mkaratusi hutupatia makala na mbao, na kila gunia la makala litokalo shambani huipunguzia mzigo hifadhi ya Virunga. Msitu, hata hivyo, ni jambo lingine, na wapandaji wake ni wengine. Ningependa kumtetea mmoja wao, ambaye jina lake hatulitamki mezani: dundu wa mavi.

Duniani zimekwisha kutambuliwa aina zaidi ya 5,000 za dundu hawa. Baadhi hufinyanga kitonge na kukiviringisha kwa miguu ya nyuma, kichwa kikiwa chini, hadi mahali pa kukizika. Wengine huchimba shimo chini ya kinyesi chenyewe na kukishusha humo. Jike hutaga yai ndani ya kitonge, na kiluwiluwi akianguliwa hukuta chakula chake tayari. Huko Afrika ya Mashariki watafiti walipata kuhesabu dundu 16,000 katika lundo moja la kinyesi cha tembo lenye kilo moja na nusu. Baada ya saa mbili lundo lilikuwa limekwisha. Nani kati yetu angefanya usafi wa namna hiyo bila kuomba mshahara?

Lakini usafi ni sehemu ndogo tu ya kazi yao. Tembo na nyani hula matunda na kutoa mbegu pamoja na kinyesi. Mbegu ikibaki juu ya ardhi, panya huila. Dundu akiizika pamoja na kitonge chake, huifikisha penye unyevu na mbolea, mbali na meno ya panya. Hivyo mti mkubwa wa msituni una wazazi wengi: mti uliozaa tunda, mnyama aliyelila na mdudu aliyeifukia mbegu.

Walioonja kukosa wafanyakazi hawa ni watu wa Australia. Ng'ombe walifikishwa huko mwaka 1788, na dundu wa nchi hiyo walikuwa wamezoea kinyesi kikavu cha kangaruu. Mavi ya ng'ombe yakakauka malishoni kwa miezi, nyasi zikafunikwa, nzi wakajaa. Ilibidi mtaalamu wa wadudu, George Bornemissza, mzaliwa wa Hungaria, aongoze mradi wa kuleta dundu wa kigeni, wengi wao kutoka Afrika ya Kusini. Wa kwanza waliachiliwa katika miaka ya 1960, na baadhi ya aina hizo zingali zikifanya kazi huko hadi leo. Nchi tajiri ilipaswa kwenda mbali kutafuta kile ambacho sisi tunakikanyaga njiani.

Nasi tunakipoteza kwa njia mbili hasa. Ya kwanza ni nyama ya pori. Simlaumu mzee wa kijiji anayetega mtego ili watoto wake wale; nazungumzia biashara inayopakia nyama hiyo kwenye malori na pikipiki kuelekea mijini. Katika Virunga, viboko walikuwa zaidi ya 25,000 katika miaka ya 1970; miaka thelathini baadaye hawakufika 1,500. Mnyama akiondoka, kinyesi chake huondoka pia, na dundu wakubwa, wanaofukia mbegu kubwa, ndio wa kwanza kutoweka. Miti husimama bado, mgeni akasifu uzuri wake, kumbe chini yake kazi imesimama.

Njia ya pili ni ya wafugaji. Ivermectini, dawa ileile inayogawiwa vijijini dhidi ya upofu wa mtoni, hupewa ng'ombe kuwaondolea minyoo na kupe. Sehemu kubwa hutoka katika kinyesi, na kwa siku kadhaa, pengine majuma, huwaua viluwiluwi wa dundu. Sisemi iachwe. Nasema atibiwe ng'ombe mgonjwa, badala ya kulidunga kundi zima kwa mazoea tu, tena mwanzoni mwa mvua, dundu wanapotoka kwa wingi.

Papa Fransisko aliandika mwaka 2015, katika Laudato Si', kwamba kutoweka kwa wanyama na ndege hutusikitisha kwa kuwa tunawaona, ilhali wadudu na minyoo nao ni wa lazima. Basi siku ya kupanda miti ijayo, kikundi kipite kwanza malishoni mvua ikishanyesha. Geuzeni kwa kijiti mavi ya ng'ombe ya jana, mhesabu matundu yaliyo chini yake. Pasipo na tundu hata moja, muulizeni mwenye ng'ombe ni lini aliwadunga dawa.