Lawama zetu kuhusu chunusi zinawanufaisha wauza krimu

Pita soko lolote la Pwani, kuanzia Marikiti na Kongowea hadi Malindi, au fungua simu yako tu, utakutana na tangazo lile lile: krimu ya kumaliza chunusi kwa siku saba. Mara nyingi kikopo hakina jina la kiwanda wala orodha ya vilivyomo, na muuzaji hukwambia tu kwamba "imechanganywa". Biashara hii imeshamiri, na nionavyo mimi, haikushamiri kwa ujanja wa wauzaji pekee. Sisi wenyewe tumewajengea soko kwa yale tunayoyaamini kuhusu chunusi.

Tazama tunavyowaambia vijana wetu. Mtoto akitokwa na chunusi, la kwanza ni kwamba hanawi uso vizuri. La pili, amezidisha bhajia na viazi karai. La tatu husemwa kwa kunong'ona: ameanza mambo ya kikubwa, au "anataka mume". Kwa mvulana neno hilo huwa mzaha. Kwa msichana huwa hukumu inayomfuata shuleni, chuoni na hata kwenye shughuli za harusi. Imani hizi tatu zinafanana kwa jambo moja: zote zinamtwika kosa mwenye chunusi. Na mtu aliyetwikwa kosa haendi kwa daktari. Hujificha, kisha humtafuta muuza vikopo.

Madaktari wa ngozi wanatueleza vingine. Chini ya ngozi kuna vitezi vinavyotoa mafuta ya kuilainisha. Mtoto anapobalehe, homoni aina ya androjeni, ambazo wavulana na wasichana wote wanazo, huvichochea vitezi hivyo kutoa mafuta mengi zaidi. Mafuta hayo yakichanganyika na seli zilizokufa, huziba vitundu vya vinyweleo. Humo ndani huzaliana bakteria ambao kwa kawaida huishi kwenye ngozi ya kila mmoja wetu. Mwili unapopambana nao, pahali hapo huvimba na kutunga usaha. Urithi nao una nafasi yake: wazazi waliosumbuliwa sana na chunusi, yamkini watoto wao pia watasumbuliwa. Inakadiriwa kwamba zaidi ya vijana wanane kati ya kumi hupata chunusi kwa kiasi fulani. Je, wote hao ni wachafu? Wote wana tabia mbaya? Chunusi humtoka aliyetulia nyumbani kwao kama zinavyomtoka mwenye mke na watoto.

Hata kile kidoa cheusi cha puani, tunachokiita uchafu, ni mafuta na rangi ya ngozi yenyewe yaliyokutana na hewa. Kukisugua kwa sabuni kali, ndimu au dawa ya meno hakusaidii, bali huichubua ngozi na kuzidisha uvimbe. Kunawa mara mbili kwa siku kwa sabuni isiyo kali kunatosha.

Kuhusu chakula, ukweli kidogo upo, ila hauko tunapoutafuta. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 nchini Australia uliwapa vijana wa kiume wenye chunusi chakula kisichopandisha sukari mwilini kwa haraka. Baada ya wiki 12, chunusi zao zilipungua kuliko za wenzao waliokula kama kawaida. Kwa hivyo, tukitaka kushuku kitu kwenye meza ya chai, tuanze na sukari ya chai na unga mweupe wa mahamri kabla ya mafuta ya bhajia. Hata hivyo chakula ni sababu moja tu kati ya nyingi, na kumnyima mtoto chakula si tiba.

Mafuta ya kupaka ni habari nyingine. Tangu mwaka 1970 madaktari wa Marekani walieleza aina ya chunusi zinazotokea kwenye paji la uso kwa sababu ya mafuta ya nywele. Mafuta ya nazi yana heshima yake kichwani, lakini yasiteremke usoni kwa mwenye chunusi.

Hatari kubwa imo ndani ya vile vikopo. Nyingi ya krimu za kuchanganya hutiwa steroidi kali, kama vile klobetasoli na betamethasoni, ambazo ni dawa za kuandikiwa na daktari. Siku za mwanzo uvimbe hushuka na uso hung'ara, mteja akafurahi. Zikitumiwa muda mrefu, ngozi huwa nyembamba, mishipa huonekana, na chunusi mpya huzuka. Ukiacha, hali huchacha zaidi, basi unarudi dukani. Nyingine hutiwa zebaki, ambayo hupenya ngozini na kuharibu figo. Na kwa ngozi zetu nyeusi mtego ni mkubwa zaidi, kwani chunusi ikipona huacha doa linaloweza kukaa miezi. Binti aliyeanza kwa kutafuta tiba ya chunusi hujikuta akijichubua ili kuondoa doa.

Sheria hazikosekani. Kenya ni mwanachama wa Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki, na nchi wanachama zilikubaliana mwaka 2023 kwamba vipodozi vilivyotiwa zebaki visitengenezwe wala kuvushwa mipaka baada ya mwaka 2025. Shirika la Ubora wa Bidhaa, KEBS, lina mamlaka juu ya vipodozi, na Bodi ya Famasia na Sumu juu ya dawa. Kinachotakiwa ni wakaguzi wafike kwenye vibanda, na kaunti zetu, ambazo ndizo zenye zahanati, zihakikishe kijana mwenye chunusi anapokelewa kama mgonjwa mwingine yeyote.

Tiba ipo. Duka la dawa lililosajiliwa huuza dawa za kupaka zenye benzoili peroksaidi au adapalini. Zinahitaji subira ya wiki nane hadi kumi na mbili, si siku saba. Mjamzito asitumie adapalini, na yeyote mwenye chunusi kubwa zinazoacha makovu amwone daktari mapema.

Lakini kabla ya wakaguzi na dawa, kuna lililo mikononi mwetu wazazi, walimu, mashangazi na makungwi. Tuache kuusoma uso wa mtoto kana kwamba ni ushahidi wa tabia yake. Binti anayeulizwa "umefanya nini?" atanunua kikopo kwa siri. Anayeulizwa "zinakuuma, mwanangu?" atakubali kupelekwa zahanati.