Kila Mtoto na Miezi Yake

Wananchi wenzangu wa Gisenyi, nani kati yetu hajalisikia swali hili sokoni Mbugangari: "Wa kwako bado hatembei?" Muulizaji hana nia mbaya, lakini mama hulala nalo usiku kucha.

Tuanze na la kututuliza. Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya uchunguzi wa watoto wenye afya njema wa Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Wapo waliotembea wenyewe wakiwa na miezi 8. Wengine walifikisha 17, nao ni wazima. Karibu wanne katika kila mia hawakutambaa kabisa kwa mikono na magoti. Ya nini basi kumpima wako kwa mtoto wa jirani? Na aliyezaliwa kabla ya siku zake, mhesabie miezi tangu tarehe aliyotarajiwa.

Lini basi tuulize kwenye kituo cha afya? Ametimiza miezi 4 na shingo bado haijakaza. Miezi 9, bado hakai bila kuegemezwa. Miezi 18, hatembei. Au mwili umekakamaa, au umelegea mno, au hajafikisha mwaka na mkono mmoja hautumii kabisa. Zito kuliko yote: alikuwa anaweza jambo, sasa haliwezi tena. Hilo halingoji tarehe ya kliniki, mpeleke mara moja.

Chanjo ya surua tunaifuata miezi 9, kisha 15. Kwa nini siku hiyo tusimwulize muuguzi pia kuhusu kukaa na kusimama? Foleni ni ndefu, najua. Uliza tu. Hata mhudumu wa afya wa kijijini kwako yuko karibu.

Wengi wetu tunavuka mpaka wa Petite Barrière kwenda Goma kuchuuza, mtoto mgongoni tangu alfajiri. Mgongoni kwa mama ni pazuri, wote tumelelewa huko. Ila jioni tutandike mkeka, tumlaze kifudifudi akiwa macho, tumwekee kikombe mbele kidogo akifuate. Baba, huwezi kukaa naye hapo chini chakula kikiwa jikoni? Nawe mwenye duka, mfanyakazi akiomba asubuhi moja ampeleke mtoto kituo cha afya, mpe ruhusa.

Na ikibainika kuwa mtoto ana ulemavu? Hapa hapa mjini tuna Ubumwe Community Center, inayohudumia watu wenye ulemavu. Mmoja wa waanzilishi wake ni Frederick Ndabaramiye, aliyekatwa mikono yote miwili mwaka 1998, na leo ni mchoraji. Mazoezi ya viungo yakianza mapema, mtoto hufaidika zaidi.

Je, unamjua mzazi mtaani kwako mwenye wasiwasi huu, anayeona haya kwenda peke yake? Msindikize wiki hii.