Ua Lililotiwa Mapumzikoni

Kila mwimbaji kijana anapokiacha kikundi kilichompa jina na mali, akatoa albamu yake ya kwanza akiwa peke yake, wahakiki wa magazeti hukimbilia neno moja, nalo ni uhuru. Lilisemwa kwa Robbie Williams mwaka 1997, miaka miwili baada ya kuagana na Take That. Likasemwa tena, kwa sauti kubwa zaidi, tarehe 25 Machi 2016, Zayn Malik alipotoa Mind of Mine. Ulikuwa umetimia mwaka kamili, siku kwa siku, tangu itangazwe kuwa amejitoa One Direction, na ni vigumu kuamini kwamba tarehe hiyo iliangukia hapo kwa bahati. Uhuru unaopangiwa siku ya kuingia madukani ulistahili kutazamwa mara mbili kabla ya kupigiwa vigelegele. Wengi hawakuutazama hata mara moja.

Haki ya kijana huyo isipunjwe. Alizaliwa Bradford, kaskazini ya Uingereza, mwaka 1993, kwa baba mwenye asili ya Pakistani na mama Mwingereza. Mwaka 2010 alikwenda kushindana peke yake katika mashindano ya televisheni ya The X Factor, akaunganishwa na vijana wanne asiowajua, wakamaliza katika nafasi ya tatu, na haikupita miaka mingi wakawa wanajaza viwanja vya mpira. Albamu zao nne za mwanzo zote ziliingia katika chati ya Marekani zikiwa nambari moja, jambo ambalo hapana kikundi kilichowahi kulifanya kabla yao. Alipoondoka katikati ya ziara alisema anataka kuishi kama kijana wa kawaida wa miaka 22. Baadaye mwaka ule ule wa 2015 alilieleza jarida la The Fader kwamba kila alipotia mahadhi yake mwenyewe katika kipande alichopewa, alirudishwa kurikodi tena na tena mpaka mahadhi yale yakafutika. Hayo si malalamiko madogo. Mwalimu yeyote wa taarabu anaijua tofauti iliyopo baina ya kumnyoosha mwanafunzi na kumnyoa.

Lakini mlango ulipofunguliwa, alitoka na nini mkononi? Sehemu kubwa ya Mind of Mine ni mapenzi ya chumbani, ulevi, na majuto ya asubuhi, juu ya midundo ya R&B ya Kimarekani iliyokuwa ikitamba miaka ile. Malay, mmoja wa watayarishaji wake wakuu, alikuwa ameshafanya kazi na Frank Ocean katika Channel Orange ya 2012, na mwenye masikio hahitaji kuambiwa. Sauti yenyewe haina mfano miongoni mwa wenziwe: inapanda bila kukakamaa, na inaposhuka huacha kijivuli cha huzuni ambacho maneno hayakukistahiki. Ila kulivua joho la kikundi na kulivaa joho la mtaa wa pili hakumfanyi mtu awe amejivika mwenyewe. Pillowtalk, wimbo uliotangulia albamu mwezi Januari 2016, ulikwenda moja kwa moja nambari moja Uingereza na Marekani, na yale ambayo kikundi kilikuwa kikiyakonyezea macho, wimbo huo uliyasema waziwazi. Wahakiki wakaliita hilo ukomavu. Katika ushairi wa pwani, ambako mshairi anaweza kulisema jambo la kitandani kwa jina la embe au la jahazi na kila mtu akacheka kwa kificho, hilo lingeitwa uvivu wa fumbo.

Tazama pia majina ya nyimbo yalivyoandikwa, herufi kubwa na ndogo zimechanganywa ovyo ndani ya neno moja. Ilisemekana kwamba ni alama ya nafsi isiyotaka kufungwa na kanuni. Wapenzi wa ushairi wanaujua ugonjwa huu na wameuona kwa washairi wa kila lugha: umbo linachezewa pale lisipobeba uzito, na pale linapobeba uzito linaachwa kama lilivyokutwa. Kuivuruga tahajia ni rahisi. Kuandika beti nne ambazo hazina kamba ya jirani ndani yake ni kazi.

Wala ugomvi hapa si kwamba nyimbo zake zina mikono mingi ya watunzi. Pwani hii haina haki ya kumlaumu mtu kwa hilo. Marehemu Juma Bhalo wa Mombasa aliziimba tungo za Ahmad Nassir, mara nyingi kwa mahadhi yenye asili ya Kihindi, na hapana aliyemwambia kwamba kwa hivyo hakuwa yeye. Sauti ya mtu haizaliwi pale anapobaki peke yake chumbani na kipaza sauti. Inatokana na kupokezana: mwalimu, mtunzi, mpiga fidla, na msikilizaji wa mbele anayejua lini atunze. Kinachobishaniwa ni lile dai lililoandikwa juu ya jalada, kwamba hii ndiyo akili yangu mwenyewe, na ule ushuhuda wa pamoja wa wahakiki waliolitia saini dai hilo bila ya kuuliza ni wapi hasa, katika nyimbo kumi na nne, akili hiyo inasikika.

Inasikika katika wimbo wa saba.

Unaitwa Flower, yaani ua, na hautimizi dakika mbili. Umeimbwa kwa Kiurdu kutoka mwanzo hadi mwisho. Hauna kishindo cha ngoma za studio. Kuna ala chache zinazoelea mbali, na sauti iliyoachwa peke yake ijikokote. Maneno yake ni machache sana: ua la mapenzi na kuchanua kwake, moyo na utulivu wake. Namna ya kuyavuta inaelekea kawali, uimbaji wa kisufi wa Bara Hindi ambao Nusrat Fateh Ali Khan aliusambaza ulimwenguni katika karne iliyopita. Mtu wa visiwani hata asiyejua Kiurdu hatapotea kabisa. Neno lao la mapenzi, mohabbat, na neno letu mahaba ni matawi ya shina moja la Kiarabu. Na ule mvuto wa pumzi unaolirefusha neno mpaka maana yake ijae, aliyewahi kukaa katika maulidi ataujua pindi akiusikia. Ghafla yule aliyekuwa akiimba kama wenzake wa Los Angeles anaimba kama mtu aliyemsikia baba yake. Hapo hapana wa kumwiga katika chati ile, na hapana wa kumwambia arudie mpaka mahadhi yafutike.

Na wimbo huo umewekwa wapi? Umetanguliwa na wimbo unaoitwa Drunk, kuhusu ulevi, na jina lake lenyewe limetanguliwa na neno Intermission, mapumziko. Wazee waliokwenda sinema za Mji Mkongwe kutazama filamu za Kihindi watakumbuka mapumziko ni nini. Taa huwashwa, watu hujinyoosha viungo, watoto hutumwa njugu na soda, na wale waliokwishaijua hadithi hutoka nje kuvuta sigara. Mapumziko ni wakati ambao mtu ameruhusiwa kutosikiliza. Lugha ya baba yake, na namna ya uimbaji iliyobeba ushairi wa mamia ya miaka, ilipewa nafasi hiyo ya njugu na soda. Kisha taa zikazimwa na filamu ya Kiingereza ikaendelea.

Watetezi wa albamu wana majibu mawili. La kwanza ni kwamba kuutia hata huo mmoja kulikuwa ujasiri, na hili lina ukweli ambao hautakiwi kukwepwa. Alipokuwa katika kikundi, Malik alitukanwa kwa dini ya familia yake. Mwaka 2015 mchekeshaji mmoja wa televisheni ya Marekani alimfananisha na mmoja wa waliotega mabomu Boston, na watu wakacheka. Albamu ilitoka miezi mitatu kabla ya kura ya Uingereza kujitoa Umoja wa Ulaya, na katika mwaka ambao mgombea wa urais wa Marekani alikuwa ameshatangaza kwamba Waislamu wazuiwe kuingia nchini mwake. Kuiweka sauti ya kisufi ndani ya albamu iliyotarajiwa kununuliwa na wasichana wa kila mji wa nchi hizo mbili hakukuwa jambo jepesi, na albamu yenyewe iliingia nambari moja kote kuwili. Lakini ushahidi huo unawageukia wanaoutoa. Ikiwa Flower ndio mahali pekee alipohatarisha kitu, basi nyimbo nyingine kumi na tatu hazikuhatarisha, na ilikuwa kazi ya wahakiki kulisema hilo. Badala yake wengi waliupitia wimbo huo kwa sentensi moja, wakiuita kionjo cha asili yake, kama vile mtu anavyosifu viungo katika chakula asichokusudia kukipika.

Jibu la pili ndilo la hatari zaidi, kwa kuwa linasemwa hata huku. Linasema kwamba soko halisikilizi lugha, linasikiliza mahadhi, na mwimbaji anayetaka dunia imsikie hana budi kuiweka lugha ya nyumbani pembeni, kidogo, kwa adabu. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenziwe walivuka bahari kwenda Bombay kurikodi kwa kampuni ya His Master's Voice. Taarabu katika Unguja ya wakati ule ilikuwa kitu cha ikulu na cha Kiarabu. Siti alikijua Kiarabu cha kuimbia. Santuri zilizotoka Bombay zilikipeleka Kiswahili mbele, na zikauzwa mpaka kampuni nyingine zikamtaka. Mwanamke wa Fumba, aliyeanza kwa kuuza vyungu, hakukitia Kiswahili mapumzikoni. Hiyo ndiyo hoja, na kila anayeimba kisiwani kwa Kiingereza kilichoazimwa huku akiifungia beti yenye vina na mizani kwenye sekunde thelathini za mwisho anapaswa kuieleza vipi mwanamke yule aliweza.

Kisiwa hiki kina mfano wa upande wa pili pia. Farrokh Bulsara alizaliwa Mji Mkongwe mwaka 1946 katika familia ya Kiparsi, na dunia ikamjua kwa jina la Freddie Mercury. Mwaka 1985 alitoa albamu yake ya kwanza peke yake, Mr. Bad Guy, bila ya kuiacha Queen. Nyimbo kumi na moja, zote kwa Kiingereza. Kigujarati cha nyumbani hakimo, wala Kiswahili cha mtaani. Miezi michache baadaye, Julai mwaka ule ule, alisimama Wembley pamoja na wenziwe watatu kwa dakika kama ishirini, na hizo ndizo zinazokumbukwa. Watalii wanapigwa picha mbele ya nyumba inayobeba jina lake, na ni wachache wanaouliza iko wapi katika kazi zake ile Unguja wanayoonyeshwa. Malik, pamoja na yote yaliyokwisha kusemwa, alifanya zaidi ya hapo kwa dakika mbili zake.

Ndiyo maana lawama isimwelemee yeye. Alikuwa na miaka 23. Mwezi Juni 2016 alijiondoa katika tamasha kubwa la Wembley kwa sababu ya wahaka, akasema hivyo hadharani, na kwa miaka mingi baadaye hakufanya ziara. Mtu wa namna hiyo alihitaji msikilizaji wa kumwambia ni lipi kati ya aliyoyaimba lilikuwa lake. Alichopata ni takwimu za mauzo na neno uhuru. Kama hata robo ya wino uliomwagwa juu ya mapenzi yake na mwanamitindo ingemwagwa juu ya wimbo wa saba, huenda albamu ya pili, Icarus Falls ya 2018, isingekuwa nyimbo nyingi namna ile zinazotafuta mlango uleule.

Hata hivyo ua halikunyauka. Katika albamu yake ya tatu, Nobody Is Listening ya 2021, mna wimbo uitwao Tightrope, na ndani yake Kiurdu kinarejea. Safari hii hakikupewa jina la mapumziko. Ni maneno ya Shakeel Badayuni kutoka filamu Chaudhvin Ka Chand ya 1960, aliyoyaimba Mohammed Rafi, sauti ambayo wapenzi wa filamu za Kihindi wa Unguja hawakuhitaji kutafsiriwa. Na yanamkuta Malik katikati ya wimbo wa Kiingereza, taa zikiwa bado zimezimwa na watu wamekaa vitini mwao.