Tenti Ikishakunjwa Uwanjani, Mraibu wa Ukunda Aende Wapi?

Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027 litachezwa Kenya, Tanzania na Uganda. Viwanja vya Kenya vinavyoandaliwa viko bara. Mtu wa Msambweni atakayetaka kuingia Kasarani itambidi avuke Likoni au azungukie Dongo Kundu, alale ndani ya basi, kisha apambane na tiketi za mtandaoni. Tuliyaonja hayo Agosti 2025 kwenye CHAN. Harambee Stars waliongoza kundi lao mbele ya Morocco, wenyewe waliokuja kulibeba kombe, halafu wakatolewa na Madagascar kwa penalti katika robo fainali. Mimi niliitazama mechi ile kwenye banda la video hapa Ukunda, bega kwa bega na wenzangu, jasho likitutoka. Sidhani kama Wakwale waliokuwa uwanjani siku ile walifika nusu ya waliojaa mabandani kutoka Kona ya Musa hadi Mwabungo.

Nimeanza na hilo kwa sababu mashindano makubwa siku hizi hayaji peke yake. Huja na mashirika ya misaada na tenti zao. Si kama zile meza za zamani za Shoo ya Mombasa, unapewa karatasi nawe ukifika nyumbani unafungia njugu. Sasa mgeni wa tenti hushirikishwa. Kuna gurudumu la maswali la kuzungusha, kuna goli dogo la kupiga penalti, kuna ubao wa kuandika ahadi yako, na mwisho kuna fulana na picha. Ujumbe ni ule tunaoujua: dawa za kulevya, UKIMWI, mimba za utotoni, ulinzi wa watoto. Wazo si baya hata kidogo. Kijana wa maskani humpati kwenye semina ya hotelini, lakini kwenye mpira atakuja, tena mapema.

Mwaka jana nilikaa karibu saa mbili kando ya tenti ya aina hiyo, kwenye fainali ya mashindano ya vijana huku kwetu. Shirika sitalitaja, na wala si hilo tu. Foleni ilikuwa ndefu. Watoto walizungusha gurudumu, wakajibu maswali, wakacheka. Akaja kijana wa miaka kama kumi na sita. Swali lake lilihusu heroini, akalijibu sawasawa, akapigiwa makofi. Badala ya kuondoka akasogea na kuuliza kwa sauti ya chini, "Dada, kakangu anatumia unga mwaka wa tatu huu. Nimpeleke wapi?"

Yule binti wa kujitolea akafungua faili, akaangalia, akafunga. Akamwambia apige simu ofisini Jumatatu, na ofisi yenyewe iko Nairobi. Kisha akampa fulana.

Binti simlaumu. Alikuwa mpole, na alifunzwa kuuliza maswali, hakufunzwa kuulizwa. Lawama ni ya waliopanga tenti, waliohesabu fulana na mabango wakasahau kwamba katika Ukunda, ukizungumzia unga mbele ya watu mia tatu, lazima atatokea mmoja mwenye mgonjwa nyumbani.

Na jibu la swali lile lipo. Kliniki ya methadoni iko Kombani, katika kaunti hii hii. Hapa Ukunda kuna Teens Watch, wanaoshughulika na waraibu kwa miaka mingi. NACADA ina simu ya bure, 1192. Kijana angeweza kuondoka na majina hayo kwenye karatasi ndogo kuliko tiketi ya matatu.

Lakini hata karatasi hiyo isingetosha, na hapa ndipo naomba mashirika yatusikilize. Methadoni si dawa ya kumeza ukiwa kwako. Kwa kawaida mgonjwa huenda kliniki kila siku, akanywa kipimo chake mbele ya mhudumu. Mtu wa Ukunda apande gari kwenda Kombani na kurudi, kila siku, mvua au jua. Wa Msambweni ndiyo kabisa, kwa sababu lazima apite Ukunda kwanza ndipo aishike njia ya Kombani. Huyu ni mtu ambaye hana kazi, na nyumbani hawamwamini hata na shilingi hamsini. Siku nauli inapokosekana, arosto inamrudisha maskani. Wanaokaa na wagonjwa hawa watakuambia nauli huwashinda wengi kabla ya kitu kingine chochote. Sasa piga hesabu wewe mwenyewe: tenti, spika, jenereta, gurudumu, fulana mia tano. Kwa pesa hizo, waraibu wangapi wangelipiwa nauli ya Kombani hadi mwili ukatulia?

Sisemi tenti zifutwe. Nasema bajeti ya tenti iwe na fungu la kesho yake.

Suala la wasichana ni zito zaidi, na tenti hizi hulichukulia kwa wepesi. Ripoti ya UNICEF na serikali ya mwaka 2006 ilikadiria kwamba wasichana kati ya 10,000 na 15,000 wa Malindi, Mombasa, Kilifi na Diani walikuwa wakiingizwa katika biashara ya ngono. Ripoti ni ya zamani, lakini aliye Diani hahitaji ripoti. Msichana aliyepatwa na jambo kama hilo hawezi kulisema mbele ya foleni ya wavulana na spika inayopiga muziki. Watu wetu wana haya, na haya si ujinga. Tenti inayotaka kumsaidia iwe na pazia, iwe na mama mtu mzima ndani, si vijana watupu wenye simu za kupiga picha. Na simu ya watoto, 116, ambayo haina malipo, iandikwe kwa herufi kubwa kuliko jina la mfadhili.

(Nikiwa hapo hapo: hatua chache kutoka kwenye tenti ile kulikuwa na tenti ya kampuni ya kamari. Fulana zao zilikuwa nzuri zaidi, na foleni yao ilikuwa ndefu zaidi. Na nje ya lango muguka ukiuzwa kama kawaida. Mei 2024 magavana wa Mombasa na Kilifi waliupiga marufuku, mahakama ikasimamisha marufuku hayo, na biashara ikaendelea. Mtoto anaambiwa nini hasa akitoka tenti moja kuingia nyingine?)

Mifano ya kufanya vizuri hatuhitaji kuiagiza mbali. Kilifi tangu 2001 kuna Moving the Goalposts, ambapo wasichana hucheza mpira na wao wenyewe ndio makocha na marefa, na elimu ya afya huipata kwa wenzao wanaoonana nao kila wiki. Msichana akiwa na tatizo anajua atamwambia nani, na huyo mtu atakuwepo Jumanne ijayo. Nairobi kuna MYSA ya Mathare, ya tangu 1987, ambayo timu zake hupata pointi za ligi kwa kusafisha mtaa. Huko huduma kwa jamii imeingizwa kwenye jedwali. Kombe la Dunia la 2010 lilipochezwa Afrika Kusini, FIFA ilikuwa na mpango wa vituo 20 vya soka, elimu na afya barani Afrika, na kimoja kikajengwa Mathare. Kituo kina mlango wa kugonga mashindano yakiisha.

Pwani Kusini kwa AFCON tusipopata mechi, tusikose angalau hilo. Salim Mvurya, aliyekuwa gavana wetu kwa mihula miwili, ndiye aliyekuwa waziri wa michezo CHAN ilipochezwa. Anaijua Kinango, anaijua Lunga Lunga, na anajua kwamba watazamaji wa huku wako mabandani. Shirika linalotaka kuwafikia vijana wa Kwale mwaka 2027 halina haja ya kushindania eneo Kasarani. Lije kwenye mabanda ya video na viwanja vya vijiji, lizungumze na maimamu na walimu wa madrasa kabla ya kusimamisha nguzo, lisiweke shughuli zake saa ya magharibi, na lije na mtu wa hapa ambaye ligi ikiisha bado ataonekana sokoni.

Kamati zetu za mashindano nazo zina kazi. Mara nyingi hufurahia kwamba mfadhili amekuja, basi, anapewa nafasi nzuri karibu na jukwaa. Zikikaa kupanga ratiba ya Desemba, shirika linaloomba eneo la tenti lionyeshe kwanza jina na simu ya mtu wa Kwale atakayempokea kijana kesho yake, na liseme limetenga kiasi gani cha nauli.